Mikono Nyuma, Madame

Nina sheria moja ninapofundisha umeme, na kila mtoto aliyepita kwangu hapa Kamembe anaijua: mwalimu huweka mikono nyuma. Nikishawagawia watoto betri, waya na balbu, mimi sigusi tena. Nauliza tu. Wakikosea, nauliza tena. Wakishindwa kabisa, wanakwenda nyumbani na kushindwa kwao, kesho wanarudi nako. Wenzangu wananiambia nina roho ngumu. Nawajibu waje waone watoto wa darasa la tano wanavyotengeneza swichi kwa kibanio cha nguo na vipande vya kopo la nyanya, halafu tuzungumze habari za roho.

Sheria hiyo sikuiokota barabarani. Mimi nilisoma ng'ambo ya mpaka, Bukavu huko Congo, na mwalimu wetu alichora betri ubaoni, akachora balbu, akaziunganisha kwa mistari iliyonyooka, nasi tukanakili kwa rula. Nilichora vizuri kuliko darasa zima. Nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima mwenye diploma yake mkobani, na siku balbu ya chumba changu ilipoungua nilimwita mtoto wa jirani aje anibadilishie, kwa sababu niliogopa kuigusa. Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo, na wala sina haraka ya kuimaliza.

Kwa hiyo baada ya masomo nakaa na watoto kwenye baraza la darasa. Naanza na maharagwe. Wanakaa duara, kila mmoja na harage mkononi, na mmoja wao ndiye betri. Akisema "twende", wote kwa pamoja wanampa jirani wa kulia na kupokea kutoka kushoto. Kisha namnong'oneza mmoja aukunje mkono wake. Papo hapo maharagwe yanasimama, siyo kwake peke yake, yanasimama kila mahali. Watoto hucheka, halafu hunyamaza, kwa sababu wameona. Baada ya hapo ndipo natoa kopo la balbu, nyingi zimetoka kwenye tochi zilizokufa, na moja kubwa ya pikipiki aliyoileta binti wa fundi wa hapo chini sokoni.

Mwaka huu nina msichana mmoja wa kisiwa cha Nkombo. Siku za shule anakaa kwa shangazi yake hapa Kamembe, Ijumaa anavuka ziwa kwenda kwao. Ni mwembamba, ana maswali ya kuchosha, na nampenda, sioni sababu ya kuficha. Ukimwambia umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, yeye anauliza na ukikosa njia ya kurudi unakaa wapi. Hata mimi ilibidi nikafikirie.

Jumatatu moja tulikuwa katikati ya kazi nilipomwona mwanaume mrefu akiingia getini, begani amebeba mfuko wa mchele uliolemea upande mmoja. Msichana wangu alimwona kabla yangu. Aliweka waya chini, na mimi nikajua huyo ni baba yake na kwamba hajaja kusalimia.

Aliushusha mfuko mbele yangu, akatoa betri ya pikipiki na taa iliyokuwa bado imefungwa kwenye betri hiyo. Ilikuwa taa ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kama dagaa: ubao mdogo uliopangwa zile taa ndogo ndogo nyeupe za siku hizi, na waya mbili ndefu. Inaning'inizwa juu ya maji, sambaza wanakuja kwenye mwanga, wavu unainuliwa.

"Madame," akasema, "ni weye unafunzaka batoto kufungua bintu bya bantu?"

"Karibu, Papa. Ikala kwanza."

"Sitaikala. Huyu mutoto alifungua hii lampe jana, akafunga. Leo haitaki kuwaka. Bantu bote ba mutumbwi bananingojea. Kama haiwake, leo hatupate sambaza, na huyu anarudia na miye. Atasomea kule kwetu."

Nilimtazama msichana. "Nilitaka tu kuona njia ya kurudi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikaitazama taa, na nikajua tatizo pale pale. Waya zote mbili zilikuwa nyeusi. Fundi aliyeitengeneza hakujali rangi, na mtoto alipozirudisha kwenye betri alizibadilisha: ya huku akaiweka kule. Balbu zetu za kwenye kopo hazina shida na hilo, umeme upite kutoka upande wowote zitawaka. Ndivyo nilivyokuwa nimewafundisha, kwamba balbu haina mbele wala nyuma. Lakini hizi taa ndogo nyeupe hupitisha umeme kwa upande mmoja tu. Ukizigeuzia waya, zinanyamaza kana kwamba zimekufa, na kumbe ni nzima. Somo hilo lilikuwa bado. Mtoto alikuwa amelitangulia, na sikumlaumu kwa hilo.

Kuzigeuza waya mbili ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ningeinama, ningegeuza, baba angeondoka ameridhika, na mtoto angebaki. Vidole viliniwasha. Lakini baba huyu angebaki na nini kichwani? Kwamba mtoto aliharibu na mwalimu akatengeneza. Kesho kikiharibika kingine, angemlaumu tena mtoto. Nikaweka mikono nyuma.

"Papa, batoto njo batatengeneza."

"Batoto njo baliharibisha!"

"Njo maana," nikamjibu. Kidogo nilikuwa mkali, lakini ndivyo nilivyo, na yeye alikaa kwenye benchi.

Watoto walisogea. Mvulana mmoja mwenye haraka zake alichukua balbu ya tochi aijaribu kwenye ile betri, na binti wa fundi, mtandio wake umemteleza hadi shingoni, akampiga mkono. "Itaungua! Batri kubwa, ampule kubwa!" Akaleta balbu ya pikipiki. Wakaishikiza kwenye betri, ikawaka. Betri nzima. Wakaishikiza mwisho wa zile waya mbili ndefu, ikawaka tena. Waya nzima. Nilifurahi sana moyoni, kwa sababu hakuna aliyewaambia waanze na kipi. Wakairudishia waya ile taa, kama ilivyokuwa. Kimya.

"Imekufa," mvulana akasema.

Baba alisimama, akaenda ukutani kwenye misumari wanapotundika mifuko, akautambua mfuko wa binti yake na kuuchukua. Msichana alianza kulia bila sauti, machozi yakidondoka juu ya betri. Mitumbwi ya Nkombo haimngoji mtu, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Congo.

Hapo niliogopa. Nilimwona mtoto yule akiwa mama mtu mzima, anamwita kijana wa jirani aje ambadilishie balbu. Mikono yangu nyuma ilikuwa imeshikana hadi inauma.

"Mmejaribu nini?" nikauliza.

"Batri. Bafil. Yote mizuri," akajibu binti wa fundi, akigusa betri na zile waya.

"Na nini hamujajaribu?"

Wakatazamana. Msichana akapangusa pua kwa kiganja. "Kugeuza," akasema.

Ghasia ikaanza. "Madame alisemaka ampule haina mbele na nyuma!" Wote wakanigeukia, na baba naye, mfuko mkononi.

"Nilisema ampule gani?"

Msichana alitazama kopo, akatazama taa, akatazama tena kopo.

"Ya mu kopo."

"Na hii ni ya mu kopo?"

Alipiga magoti na kuchomoa waya ya kwanza. Baba akaruka pale alipokuwa. "Wacha! Utaiunguza kabisa!" Akanyoosha mkono kumpokonya.

"Papa, mikono nyuma," akasema mtoto, bila hata kuinua kichwa.

Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo, tena mbele za watu, na nilijua nikicheka nimekwisha. Baba alinigeukia kwa hasira, kama mtu anayemtafuta aliyemfundisha mwanawe matusi. Alinikuta nimesimama, mikono yangu mwenyewe iko nyuma. Kisha akaurudisha nyuma mkono mmoja, halafu ule wa pili uliokuwa na mfuko, na akasimama hivyo hivyo, mwanaume mzima mwenye mikono ya kuvuta nyavu, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Taa iliwaka hadi tukafumba macho. Watoto walipiga kelele mpaka waliokuwa wakifagia darasa la jirani wakachungulia. Mimi nililia kidogo, na nikasingizia mwanga.

Baba hakumsifu. Alichuchumaa karibu na binti yake na kuuliza sababu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Juu ya nini imewaka sasa?"

"Sijue bado, Papa. Njo somo ya kesho."

Alibaki amechuchumaa. Aliutazama mfuko wa shule aliokuwa ameushika, kisha akautazama uso wa mtoto, uliokuwa bado na machozi na tayari una maswali. Aliinuka, akaenda ukutani, akautundika mfuko kwenye msumari wake. Akaitia taa na betri kwenye mfuko wa mchele, akaniambia "Madame, mwikale muzuri", akashuka mbio kuelekea ziwani.

Nilidhani nimemaliza naye. Jumatatu iliyofuata alikuja tena, mapema zaidi, kabla watoto hawajatoka darasani, na safari hii hakuwa na hasira. Alikuwa na beseni la plastiki, na ndani ya beseni ile taa, yote, vipande vipande: ubao upande wake, waya upande wake, skurubu zimejazana kwenye kifuniko cha chupa.

"Mutoto aliniambia ile lampe iko na mbele na nyuma," akasema, akikwepa macho yangu. "Nikaifungua nione. Sasa sijue kuifunga."

Watoto walikuwa wanatoka. Binti yake alisimama mlangoni, akaliona beseni, akaniangalia mimi. Nilimwonyesha baba nafasi kwenye benchi, katikati ya binti wa fundi na yule mvulana wa haraka, akaketi magoti yakimfika kidevuni. Nilimsogezea beseni lake, kisha nikaweka mikono nyuma.