Sauti Yangu Iliyozimwa kwenye Albamu ya Mwisho

Juzi nilisikia sauti yangu ya miaka arobaini iliyopita, nikauliza ni nani kaingiza mbuzi studio.

Sitanii.

Mimi ni Trevor Oxspring wa Sheffield. Tulikuwa bendi ya watu watatu: Lorraine mwimbaji, Clive gitaa, mimi gitaa la besi na kuitikia. Tulipiga wimbi jipya, ule muziki wa vinanda vya umeme na nywele zilizosimamishwa kwa dawa.

Albamu yetu ya nne, mwaka 1984, ilikuwa ya mwisho kwa sababu yangu. Niliisikiliza yote, sikujisikia nikiimba hata mara moja.

Nikabeba besi langu, nikaondoka. Sikumsemesha tena Lorraine, niliyeamini ndiye kaizima sauti yangu.

Sasa kampuni ya muziki inataka kuitoa upya, na lazima sote tutie saini. Nikagoma.

"Kwanza sauti yangu ipandishwe," niliwaandikia, kwa barua nzito ya mtu mwenye vyeti vitatu vya shule ya usiku.

Tukakutana studio, asubuhi. Fundi wa sauti akafungua sauti yangu peke yake.

Mbuzi.

Clive alicheka hadi akashikilia meza. "Trevor, bwana! Umenuna miaka yote hii kwa ajili ya hiki?"

"Fungua na gitaa lake!" nikamwambia fundi.

Likalia kama sufuria zinazoporomoka ngazini.

"Mbona kwenye albamu haliko hivi?" Clive akauliza.

"La kwenye albamu nilipiga mimi," Lorraine akasema taratibu. "Na besi pia, Trevor. Kila mchana mlipokwenda baa, kwa saa mbili nzima, nilibaki na fundi wa wakati ule tukarekodi upya."

"Mimi nilidhani fundi kalisafisha tu," Clive akanung'unika.

Besi pia! Besi ile niliyojisifia kwenye harusi za watoto wangu wote.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuwa na furaha mno. Niliogopa mtaondoka."

Nami nikaondoka vilevile.

Nilitia saini. Kisha nikamwomba Lorraine radhi, bila maneno ya vyeti.

"Kaa chini, mzee," akasema. "Ila usiimbe."

Wewe uliyewanunia watu kwa kukunyima nafasi, kwanza jisikilize ukiwa peke yako. Halafu mwombe Mungu kwamba mtu aliyekusitiri awe bado hai, umkute.