Mafuta ya Cherehani

Kila asubuhi, kabla hajafungua duka lake la ushonaji pale Nyamirambo, Xavérine alijipaka mafuta ya cherehani viganjani. Alitaka mikono iwe michafu, ili mtu akija kumsalimu yeye ampe kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama desturi inavyoruhusu, na asionekane ana maringo.

Hakuna aliyejua kwamba kila alasiri alikwenda kupigwa mionzi. Titi la kushoto lilishakatwa; mionzi ilikuwa ya kumalizia mizizi. Daktari alimweleza taratibu: "Mama, hii mashine inaua ugonjwa, lakini inaua na askari wa damu yako. Dawa za mshipani zilishawapunguza, sasa wamebaki wachache. Mafua ya mwenzio, kwako ni moto. Usishikane na watu. Na homa ikija, usilale nayo nyumbani."

Zilikuwa siku ishirini na tano. Zikabaki tano.

"Mama Annick," Béatha, muuza maharage wa mlango wa pili, alimtania Xavérine kwa jina la mwanawe, "mbona wewe iko na mafuta kila siku? Umeolewa na cherehani?"

"Heri cherehani, hailewi."

Béatha akacheka, lakini jicho likabaki pale kwenye kifundo alichopewa. Walikua pamoja Buyenzi, kule Bujumbura, wakilala mkeka mmoja. Siku hizi anasalimiwa kama mgeni.

Jumanne asubuhi Béatha aliingia bila hodi, kitenge kimelegea, makamasi na machozi pamoja. Mafua yalikuwa yamemshika tangu juzi.

"Mama amekufa. Wamenipigia simu sasa hivi kutoka Kagarama."

Akafungua mikono.

Xavérine alitazama viganja vyake vinavyometameta. Yule mama ndiye aliyewagawia wote wawili ugali wa chungu kimoja. Msibani mtu hatoi kifundo. Akachukua kitambaa, akafuta mkono wa kulia, akafuta wa kushoto, kidole kwa kidole, mpaka hakukuwa na cha kufuta tena. Kisha akamkumbatia. Béatha alilia na kukohoa shingoni mwake, na yeye hakugeuza uso.

Ijumaa aliamka meno yanagongana. Zilibaki siku mbili. Alipita dukani, akafunika cherehani, akakunja gauni la mteja lililokuwa bado na mkono mmoja, akafunga kufuli. Béatha alikuwa nje, amekaa na waliokesha naye kumpa pole.

"Leo hata mafuta hujapaka! Unakwenda wapi?"

"Hospitali. Nitarudi jioni."

Akampa mkono mzima. Béatha akaushika, akashtuka.

"Sha, mbona unachoma hivi?"

"Ni jua."

Jua lilikuwa bado halijatoka. Xavérine akajifunga shuka mabegani, akapanda kilima polepole hadi walipo waendesha pikipiki, na jioni hiyo hakurudi, wala Jumatatu, wala tena.