Mkono wa Bibi Kwenye Ungo wa Baraza

Wanaoyasifu mabaraza ya wazee ni watu ambao hawajawahi kukaa nyuma ya uzio wakiwakaangia hao wazee chakula. Mimi nimekaa. Uzio wa matete unapitisha kila neno, na kwa macho unapitisha ya kutosha. Kama ningekuwa sipendi kucheka, ningekuwa nimekufa zamani kwa hasira.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mwanamke pekee katika baraza la jumbe wa upande wetu wa Nyabiyonza. Jumbe ni neno nililolipata dukani kwa Waswahili. Nyumbani tulimwita mkubwa tu. Kila mlima ulikuwa na mtu wake wa kuusemea barazani, na wa mlima wetu alikuwa Bibi.

Kiti hicho alikipata kwa sababu wanaume walikwisha. Sotoka ilimaliza ng'ombe, halafu ndui ikaja kumaliza wenye ng'ombe. Babu akafa, na majirani zake, na watoto wao. Tuliobaki tulikuwa wajane, wachanga kama mimi wakati huo, na mdogo wake Babu, ambaye ugonjwa ulimpita kando kama sisi wote tulivyozoea kumpita. Jumbe mzee wa siku hizo alipotaka mtu wa kuusemea mlima, watu walimpeleka Bibi, maana ndiye aliyekuwa akigawa machipukizi ya migomba kwa waliofiwa na kuamua nani avune wapi. Wazee walikuna vichwa, wakakubali. Lililowasumbua halikuwa akili yake wala ulimi wake. Lilikuwa suala la senene.

Msomaji asiye wa kwetu anisikilize hapa. Senene ni panzi wa kijani wanaoshuka na mvua za mwisho wa mwaka. Wanawake ndio wanaoamka na ukungu kuwaokota majanini. Wanawake ndio wanaowanyofoa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka chungu kinanukia hadi kwa jirani. Wakishaiva, wanaume wanakula. Mwanamke haruhusiwi hata mmoja. Akila, wanasema, atazaa mtoto mwenye kichwa cha ncha kama cha senene.

Barazani senene walikuwa na kazi nyingine zaidi ya kushibisha. Kila msimu ungo mmoja uliwekwa katikati, na kila mtu wa baraza akatia mkono, akala mbele ya wenzake. Aliyekula amekubaliwa kukaa mwaka mwingine. Asiyekula, kiti chake kinatafutiwa mtu.

Wazee wakafikiri kwa kadiri ya uwezo wao, wakapata dawa. Yule mdogo wake Babu, tuliyemwita Babu Mdogo, angekuja siku hiyo moja ya ungo akala kwa niaba ya Bibi. Bibi aseme mwaka mzima, Babu Mdogo atafune siku moja. Waliona wametengeneza jambo la busara sana. Babu Mdogo naye aliona hivyo hivyo, akawa anatembea na kifua mbele, akiwaambia watu njiani kwamba ana shughuli za baraza.

Basi Bibi akafanya kazi. Nilipokuwa nimepata akili ya kusikiliza, alikuwa ameshajua namna ya kuwachukulia wale wazee. Aliwaacha waanze. Wangeweza kutumia asubuhi nzima kubishana kigoda cha nani kimesogezwa karibu na cha jumbe, huku wakitafuna buni na kutema maganda mbele yao kama kuku wanaopekua. Mzee mmoja wa kutoka upande wa Nyakakika, mwenye sauti kubwa kuliko maneno yake, alikuwa na desturi ya kusimama, kusema kwamba hana la kusema, kisha kulisema mpaka jua likapanda. Bibi alingoja wachoke. Ndipo alipozungumza, kwa sauti ya chini, ikabidi wanyamaze ili wasikie.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana amri kwamba mjane asiondolewe kwenye kibanja kabla ya kuvuna migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Hivyo ndivyo ilivyopatikana amri ya mbuzi kutonyweshwa kwenye jicho la chemchemi. Wadachi wa bomani walipotaka watu wa kulima barabara, ni Bibi aliyesema mama anayenyonyesha asihesabiwe, wazee wakaguna, kisha wakaenda nyumbani kujisifu kwa wake zao kwamba wamewaonea huruma.

Mimi nilikuwa na ndoto ya kukaa pale baada yake. Nilijifunza kusoma kidogo kwa mke wa mwenye duka, pale njia ya Kituntu. Mumewe ni Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani na misafara. Nilikwenda kumsaidia mama huyo kupepeta mchele, na yeye akanifundisha herufi na Kiswahili hiki ninachoandika. Siku moja nilimweleza habari za Bibi.

"Shikamoo yake inapokelewa na wazee wazima?" akaniuliza.

"Wao ndio wanaomsalimu yeye kwanza, mama."

"Makubwa. Kwetu wangesema amepagawa."

"Hata kwetu wanasema. Ila wanamngoja amalize kwanza, kwa sababu wanataka kujua wafanye nini."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nilirudi nyumbani njia nzima nikijihutubia peke yangu, nikiwaamrisha mbuzi wa watu.

Jumbe mzee alipofariki, alikuja jumbe kijana, mzuri wa sura, mwenye kanzu safi. Hajakaa sana akaleta neno barazani: watu wa mlima wetu wawe wanakwenda kulima migomba yake, siku zao za kulima ya kwao. Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali, maana mlima wenyewe si wao. Bibi akasema hapana. Akasema watu wake wana barabara ya Wadachi, wana vibanja vyao, hawana mikono mingine waliyoificha. Jumbe kijana akatabasamu, akasema neno lisubiri.

Lilisubiri senene. Tulijua mapema, kwa kuwa Babu Mdogo akinywa rubisi huwa hana siri. Alipita nyumbani akayumbayumba mlangoni, akamwambia Bibi, "Shemeji, mwaka huu upumzike. Umezeeka. Kiti hicho ni cha nani hasa, hebu fikiri."

"Nafikiri," Bibi akamjibu. "Keti ule ndizi."

Akala, akaenda. Mimi nililia kidogo, maana kama Babu Mdogo angekaa pale, angekubali mlima wetu ulime hata makaburi ya majumbe wote waliopita. Nilimwuliza Bibi atafanya nini. Akasema atakwenda barazani kama siku zote, na mimi nikawakaange senene vizuri, mwaka jana wengine waliungua.

Siku ilipofika tulikuwa nyuma ya uzio wanawake wengi, vyungu vinne, moshi machoni. Niseme jambo ambalo wanaume wa kwetu wasome wakiwa wamekaa. Hakuna mwanamke anayekaanga senene asiyeonja. Utajuaje chumvi? Tulikuwa tunatafuna, tunafuta midomo kwa jani la mgomba, tunaongea. Mama mmoja mjamzito alikuwa anakula wa kwake na wa mtoto. Watoto wa wanawake hao wote nawafahamu, vichwa vyao ni kama vya watu wengine.

Ungo ukapelekwa. Kabla mkono wa kwanza haujaingia, Babu Mdogo akasimama. Alikuwa amevaa ngozi ya Babu, akinukia samli.

"Jumbe, nina neno dogo," akasema. "Tangu ndui, mkono unaoingia kwenye ungo kwa ajili ya mlima wetu ni huu." Akauinua wote wauone. "Si mkono wa mwanamke. Sasa nauliza wazee, mtu wa baraza ni yupi? Ni anayesema, au ni anayekula?"

Yule wa Nyakakika alikuwa ameshasimama. "Sina la kusema," akasema, "lakini kusema hata kasuku anasema. Kula ndiko kiapo. Anayekula ndiye mwenye kiti."

Wakanung'unika kwa kuridhika, kama walivyopanga. Jumbe kijana akamgeukia Bibi kwa upole wa uongo. "Mama, umesikia."

"Nimesikia, baba," Bibi akasema. "Lakini masikio yangu ni ya kizee. Nataka niwasikie wenyewe, mmoja mmoja, nisije nikaondoka na neno nililolikosea. Anayekula ndiye mwenye kiti?"

"Ndiye," akasema wa kwanza.

Akamwuliza wa pili. Ndiye. Akawazungukia wote, na kila mmoja alijibu kwa sauti ya juu kuliko mwenzake, wakifurahi kuulizwa, maana si kila siku waliulizwa jambo wanalolijua. Babu Mdogo alisema ndiye mara mbili. Jumbe mwenyewe akasema, "Ndiyo desturi, mama."

Bibi akanyoosha mkono wake kwenye ungo. Akachota konzi, akatia mdomoni, akatafuna.

Kule nyuma ya uzio tuliacha kukoroga. Nilisikia senene wanavyovunjika menoni mwake. Alitafuna bila haraka, akameza, akajifuta vidole kwenye nguo. Wala hakuwapenda senene, hiyo najua mimi. Hakuwahi kuonja nasi tulipokuwa tukionja.

Babu Mdogo ndiye aliyepata sauti kwanza. "Shemeji, utazaa kichwa cha senene."

"Kwa mume gani?" Bibi akamwuliza. "Wewe?"

Upande wetu wa uzio ulicheka vibaya, mtu mmoja akamwaga chungu.

"Watoto wangu nilishawazaa," Bibi akaendelea, "na vichwa vyao mmeviona, ni vya mviringo. Mwenye kichwa cha ncha hapa ni shemeji yangu peke yake, na yeye sikumzaa mimi."

Ni kweli kichwa cha Babu Mdogo kina ncha. Wazee walimtazama, wakashindwa kutomtazama.

Kisha wakaingia katika taabu. Kiapo wamekitamka wenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo wazi. Kukirudisha mdomoni hawawezi. Kumkubali mwanamke aliyekula senene nako ni kusema bibi zao waliwadanganya. Wakasogeza vigoda, wakanong'onezana, wakatafuna buni. Nimesikia upumbavu mwingi katika maisha yangu mafupi, lakini wa siku hiyo nimeuweka peke yake. Yule wa Nyakakika ndiye aliyeuleta, akasema hana la kusema, kisha akasema hivi:

"Mwanamke hali senene. Huyu amekula. Basi huyu si mwanamke. Ni mwanaume mwenzetu."

Ungeona walivyopumua. Ilikuwa kama mtu amewatua mizigo. Wakaitikia wote, hata jumbe, wakatia mikono kwenye ungo wakala, na mzee mmoja akampigapiga Bibi begani kumkaribisha kwenye uanaume. Bibi aliyezaa watoto sita, akazika watatu, akanifunga mimi mgongoni siku za njaa. Mama mjamzito aliyekuwa karibu yangu akatazama mkono wake uliojaa senene, akatutazama na sisi wengine. "Basi hapa hakuna mwanamke hata mmoja," akasema. "Atazaa nani?"

Bibi hakuwapa nafasi ya kushiba. Akawaambia, kwa kuwa kiti kina mwenyewe, lile neno la kulima migomba ya jumbe limalizwe leo hii, na jibu la mlima wake ni lile lile, hapana. Walikuwa wametoka sasa hivi kumfanya mwanaume. Hawakuwa na nguvu ya kumfanya kitu kingine. Jumbe kijana akasema haya. Babu Mdogo hakupata hata senene mmoja, kwa kuwa ungo ulikuwa wa watu wa baraza.

Tulipokuwa tunarudi, Bibi alikuwa anajichokoa mguu wa senene kwenye jino. Akasema hawakunyofolewa vizuri, nani alikuwa kwenye chungu cha mwisho. Nikasema ni mimi. Akaguna.

"Bibi, hukuudhika kuitwa mwanaume?"

"Niliudhika."

"Mbona hukuwajibu?"

"Ningewajibu, wangekaa mpaka jioni wakilitafakari, na lile shauri la migomba lisingesemwa." Akapanda mlima kidogo, akapumzika. "Mimi nilikuwa na shauri mkononi. Wewe ukija kukaa pale, labda utakuwa na nafasi ya kuwajibu."

Sijakaa pale bado. Bibi yupo, anakwenda kila baraza linapoitwa, na watu wa mlima wetu hawajalima mgomba hata mmoja usio wa kwao. Wazee humwita mwanaume mwenzetu kwa heshima zote, na yeye huitikia kwa sababu ana kazi. Mimi ninawatazama kupitia kwenye matete, ninakaanga na ninakula, na jibu langu ninalo tayari. Nikiitwa hivyo siku ya kwanza, nitawaambia wanitafutie jina lingine, au wawaite na wake zao majumbani kwa jina hilo hilo, waone usiku huo watapikiwa na nani.