Kumwimbia Mama Mkwe

Mimi naimba roki Kitale. Nikisema hivyo mbele ya watu wapya huwa nanyamaza kidogo niwape nafasi ya kucheka, kisha tunaendelea. Huu ni mji wa mahindi na maziwa. Wazee wanapenda zile nyimbo za taratibu za Wazungu wachunga ng'ombe, vijana wanapenda za kutikisa kiuno, na Jumapili wote wanakutana kanisani. Mtu anayesimama na gitaa la umeme akalikwaruza mpaka spika ilie, huyo ama amekosa malezi ama anahitaji maombi. Mimi nimeombewa. Akina mama wa kanisa letu waliniwekea mikono kichwani wakamkemea pepo wa kelele, na walipomaliza mmoja wao akaniuliza kama ningeweza kuwaangalizia spika ya kanisa, maana ilikuwa inakatakata. Nikaitengeneza. Sina kinyongo nao.

Gitaa lenyewe nilijifunzia hapo hapo kanisani. Nyimbo zangu nilianza kuzitunga kwa sababu za watu wengine sikuziweza sawasawa, na nani atakukosoa kwenye wimbo wako mwenyewe? Tuko watatu kwenye bendi: mimi, mpiga ngoma ambaye siku za kazi huchomelea mageti, na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hupiga besi kama anayesahihisha madaftari, kwa makini na bila huruma. Tumepiga kwenye harusi tukazimiwa umeme. Tuliporekodi nyimbo zetu nilizitembeza duka kwa duka, na kinyozi mmoja akanikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia hata wahubiri wanatembea.

Hao wote sikuwajali sana. Kuna mtu mmoja tu niliyetaka akubali kwamba ninachofanya ni kazi ya mtu mzima, na huyo hata kumwangalia usoni siruhusiwi. Ni mama mkwe wangu.

Yeye anaishi Bokoli, upande wa Bungoma. Kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani machoni. Nikifika kwake naingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma, na salamu zetu anazibeba mke wangu akienda na kurudi. Watu wa nje wakiona wanadhani tumegombana. Wapi! Hiyo ndiyo adabu yenyewe, na mimi naipenda. Ubaya wake ni mmoja tu: mtu usiyeweza kumtazama uso, utajuaje kama amekukubali?

Nilichokuwa nacho ni maneno yake ya siku ya posa. Wazee walipotaja kazi yangu yeye alikuwa jikoni, na ukuta wa jiko lile si mnene. Nikamsikia akiwauliza wenzake, "Ati anaimba? Sasa hiyo si ni ya Jumapili?" Wakacheka huko, wazee wakacheka huku, mambo yakaendelea na binti nikapewa. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki na maneno hayo, nikaishi nayo.

Basi nikamtungia wimbo. Nikauita "Mlango wa Nyuma". Unasimulia habari za mtu ambaye kila nikiingia anatoka, anaacha kiti kina joto na chai iko mezani, nami ninamfahamu kwa chai yake tu, tangawizi nyingi na sukari bila uchoyo. Kwangu huo ni wimbo wa mapenzi. Lakini ni roki, na kwenye kiitikio gitaa linanguruma nami ninapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka. Redio moja ya Bungoma ikaupenda, ikaucheza na kuurudia. Na watu wakisikia kelele wanasikia hasira. Wakaamua kwamba nimemtukana mama mkwe wangu.

Kaka yake mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu. "Wewe bana, kwani mama alikukosea nini? Hapa Sirisia watu wananiuliza kama tumewarudishia ng'ombe wa mahari."

Mke wangu hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mboga, na alivyokuwa akiyakata yale majani nikajua kuna maneno yanakuja.

"Nimemsifu," nikamwambia. "Sikiliza maneno."

"Unamsifu mtu na nduru?"

"Roki ndivyo ilivyo!"

"Mama hajui roki. Anajua nduru."

Hapo alinishika. Kwetu nduru hupigwa mwizi akiingia, nyumba ikishika moto au mtu akikata roho. Nani amewahi kupigiwa nduru ya shukrani? Nikamwomba ampigie mama yake simu ampime. Akampigia. Waliongea mahindi, wakaongea mvua, wakaongea ng'ombe aliyezaa. Kwa kawaida mama mkwe humalizia kwa kuuliza, "Na baba watoto?" Siku hiyo hakuuliza.

Niliogopa, siwezi kuficha. Bokoli nikawa siendi, kila mara nina kisingizio. Mwishowe nikawaambia wenzangu wa bendi kwamba ninaliweka gitaa chini, kwamba binamu yangu ana duka la mabati na anahitaji mtu. Kuimba kukinikosesha heshima kwa aliyenizalia mke, nilisema, hakuna haja. Mpiga ngoma akasema, "Sawa, lakini shoo ya Jumamosi tupige. Mabango si tumeshabandika?"

Ilikuwa mchana, kwenye bustani ya hoteli moja hapa Kitale. Tulikuwa tumeshapiga nyimbo kadhaa nilipomwona mke wangu akiingia getini, na pembeni yake mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Hakuwa ameniambia kitu. Nikaangalia chini haraka, kama inavyotakiwa. Mhudumu akamletea kiti, akamwekea mbele kabisa. Mama mkwe akakishika kile kiti, akakigeuza, akaketi mgongo wake ukiwa kwangu.

Watu wakaguna. Wimbo walikuwa wanaujua, na habari walikuwa wamezisikia. "Amekuja kumpa mgongo!" mmoja akasema. Kijana mwenye fulana nyeusi akamwinamia kwa upole kama anayemwambia bibi yake, "Shosh, geuka bana. Shoo iko huku."

"Najua iko huko," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu shambani. "Huyo ni mkwe yangu. Sasa nitamwangalia aje?"

Wabukusu waliokuwapo wakapasuka kwa kicheko na makofi, na wengine wakaanza kuelezwa. Mimi nilifurahi mpaka maneno ya wimbo uliofuata yakanitoka. Mtu aliyekasirika angebaki kwake. Huyu alikuwa ametoka Bokoli, akavaa vizuri, akanipa heshima yote anayojua mbele ya mji mzima.

Lakini nikaona pia jambo la kusikitisha. Amesafiri kote huko kuja kutazama ukuta wa hoteli na mabango ya soda. Nikauvuta waya wa gitaa, nikageuka, nikawapa watu mgongo na kumtazama mpiga ngoma. Vijana wakashangilia wakidhani ni madaha ya wanaroki. Tukaanza "Mlango wa Nyuma".

Tulipofika kwenye kiitikio niliogopa kupaza sauti, halafu nikapaza yote. Mpiga ngoma, aliyekuwa akiona kupitia bega langu, akaanza kucheka huku anapiga. Mke wangu akaja kando ya spika, akanisogelea sikioni.

"Amegeuza kiti," akasema. "Usigeuke."

"Anafanya nini?"

"Anaimba na wewe. Anajua maneno yote, hata hizo nduru."

Machozi yakanitoka, na mpiga ngoma ananiona. Nikawaashiria wenzangu, tukaurudia ubeti wa mwisho, kisha tukaurudia tena, ili asilazimike kukigeuza kiti upesi.