Unyayo wa Kuku Kwenye Shingo ya Jembe

Mimi nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo, na mama alisema zimetoka upande wa baba, kama akina mama wote wanavyosema. Naliweka hili mapema ili nisije nikazisingizia hasira. Nililolifanya sikulifanya kwa hasira. Nililifanya asubuhi, nimeshakunywa chai na viazi, akili zangu timamu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Waliokuwapo wanakumbuka. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, maduka ya Tukuyu yalijaa ghafla ndoo za plastiki, betri, mabakuli ya maua, na mitumba ikatandazwa chini mpaka inagusa barabara. Neno lenyewe likawa mali ya kila mtu. Ukiomba kupishwa njiani unajibiwa ruksa. Mtoto akiomba kutoka darasani, ruksa. Na ukitaka kufanya upumbavu, mtu anakuambia vilevile: ruksa, endelea. Neno lilikuwa moja, ila ulitakiwa kusikiliza sauti inayolisema.

Tuliishi Bagamoyo, hii yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Nilikuwa nimemaliza la saba siku nyingi na nimechuma chai ya watu mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Nikasema potelea mbali, nitafute ufundi. Nikapanda Kawetele kwa mzee mmoja mfua chuma ambaye majembe yake yalijulikana mpaka Masukulu.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mirefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa kitupu. R kwake ilikuwa L, na Z aliigeuza S. Akisema "kasi, kijana, kasi," alimaanisha kazi. Mimi nilipenda kulisikia vile lilivyotoka mdomoni mwake. Nilikuwa na haraka ya kila kitu.

Majembe yake hayakuwa ya tundu kama ya dukani. Yalikuwa na mkia unaopenya kichwani mwa mpini, na kwenye shingo, mkia unapoanzia, kulikuwa na alama ya mikato mitatu inayokutana chini, kama unyayo wa kuku kwenye matope. Aliipata kwa mwalimu wake. Wanawake waliokuja kununua hawakuuliza bei kwanza. Walipitisha kidole gumba shingoni, wakiugusa unyayo ndipo wanaanza kuongea.

Siku ya kwanza alinipa tindo ndogo ya kukatia alama ile, ya marehemu mwalimu wake. Ya kwake alikuwa nayo mwenyewe. Nikadhani ameanza kunipa vyombo. Akaniambia, "Hii utaitunsa isishike kutu. Haitagusa chuma mpaka siku nitakayokushika mkono, tupige wote. Vyombo vingine utatafuta mwenyewe."

Nikavitafuta. Kichwa cha nyundo nilikipata kwa shangazi, kilikuwa kinaegeshea mlango. Fuawe langu, la kugongea chuma juu yake, lilikuwa kipande cha ekseli ya lori lililoanguka mteremkoni. Nilibebea watu matofali siku tatu nipewe, na siku ya nne nikalibingirisha mpaka nyumbani, watoto wananifuata wananicheka. Nikalisimamisha kwenye gogo nyuma ya jiko la mama. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi sikuwa nayo, nikafunga feni ya bati kwenye rimu ya baiskeli, ukizungusha kanyagio upepo unatoka. Koleo nilitakiwa kulifua mwenyewe. La kwanza halikufunga, la pili halikufunguka. La tatu lilibana chuma ila lilibana na kiganja changu. Nilivirusha vyote migombani kwa hasira, halafu jioni nikaenda kuviokota.

Tupa ya kunolea nilipewa na mwenye duka mmoja pale Bagamoyo, mtu mpole wa kofia, aliyekuwa akiuza misumari na chumvi. Alinikopesha kwa sharti moja, nikianza kufua nimpelekee yeye majembe auze.

Nilipofua manne ya kwanza nikampelekea nikiwa nimevimba kichwa. Aliyageuza, akapitisha kidole shingoni kama wale wanawake.

"Mbona hayana unyayo?"

"Haya ni ya kwangu."

"Ya kwako nani anayajua, mwanangu?" Hakusema kwa ubaya. "Yaache hapo, tutaona."

Majuma mawili yakapita, yako palepale karibu na gunia la chumvi, yanaanza kushika kutu. Kila nikipita mama ananiuliza vipi majembe, najibu yanakwenda. Uongo wangu ulianzia hapo, mdogo mdogo.

Nikaenda kwa mzee. Nilimkuta ameshika chuma chekundu, mafundi wawili wa karibu wamekaa wanaota moto kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nikauliza mbele yao, ili asinikatalie kwa ukali, "Fundi, naweza sasa kutia alama kwenye majembe yangu?"

Hakuinua macho. Akapiga nyundo mara tatu, akasema, "Luksa. Tia. Tia na kwenye masufulia ya mama yako."

Wale wawili wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi pia nilicheka. Nataka ieleweke kwamba nilicheka, maana anayecheka ameelewa. Lakini njiani kuteremka nilianza kulichambua lile jibu kama mtu anayechambua maharage. Nikalishika neno moja, luksa, nikayatupa masufuria. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshapewa ruhusa.

Kesho yake asubuhi nikawasha moto. Nilikuwa na vyuma vya springi ya gari vya kutosha majembe saba. Sasa springi ni chuma kizuri lakini kina tabia. Ukikichovya chekundu kwenye maji ya baridi kinakuwa kigumu hata tupa inateleza, na hapo ndipo mjinga anafurahi. Mzee hakuwa anachovya hivyo. Kwanza alitumbukiza kipande kingine cha moto ndani ya maji ili yapoteze ubaridi. Akishachovya jembe, alisugua makali mpaka yang'ae, akalirudisha juu ya makaa kidogo, akakaa akitazama rangi ikitembea, na ilipofika rangi ya asali akaliondoa na kulizika kwenye majivu. Alisema chuma kilichoogeshwa maji ya baridi kina hasira, na usimuuzie mtu chuma chenye hasira. "Hasila," alivyosema yeye. Kazi ile ya kungoja rangi ilikula muda kuliko kufua kwenyewe.

Siku ile ukungu ulikuwa umefunika mpaka mlangoni, rangi hata kuiona ni taabu, na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nikayachovya yote saba kwenye ndoo ya maji ya mvua. Yakalia. Nikayapitishia tupa, ikateleza, nikafurahi. Kisha nikaitoa ile tindo kwenye kitambaa chake, nikakata unyayo wa kuku mara saba.

Mwenye duka alipitisha kidole, akatabasamu. "Ehe. Mzee kakupa?"

"Kanipa ruksa."

Kabla soko halijafika mchana majembe yalikuwa yamekwisha. Mama alipika nyama. Nikajiona nimefika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini aliyeko katikati ya sakafu haoni ukingo.

Siku kama kumi baadaye nilikuwa kwa mzee navuta mivukuto yake. Akaja mama mmoja kutoka Masukulu, amelowa mpaka magotini, amefunga kitu kwenye upande wa kanga. Akasalimia kwa adabu zote, akapewa kigoda. Akafungua kanga, vikatoka vipande viwili vya jembe.

"Tata, nisamehe," alisema, akimwita baba. "Tangu niolewe nalimia majembe yako. Hili limepasuka siku ya pili, limegonga jiwe dogo tu. Nikadhani labda nimekosea kulitumia."

Kule kuomba msamaha yeye ndiko kulikonimaliza.

Mzee alichukua vipande, akavileta kwenye mwanga wa mlango. Akatazama pale palipovunjika, chuma kinameta chembechembe kama sukari. Akageuza akatazama alama. Hapo sina budi kueleza jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria: mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na alama hulala kufuata mkono unaoikata. Nyayo zote za mzee zilielekea upande wa kulia. Alama yangu ilielekea kushoto. Mwenye duka hakuiona, wala wanunuzi, wala mimi niliyeikata. Mzee alitazama mara moja tu. Kisha macho yake yakaja kwenye mkono wangu ulioshika mti wa mivukuto, wa kushoto, yakakaa pale kidogo, yakaondoka.

Nikangoja aniumbue. Nilitaka aniumbue, ningepata cha kukasirikia.

Akamgeukia yule mama. "Alama ni yangu," alisema. "Kwa hiyo kosa ni langu. Macho siku hisi hayaoni langi visuli. Kaa, mama, nitakufulia lingine."

Akalifua palepale. Mimi nikavuta upepo. Hatua zote alizifuata, maji akayapasha, makali akayang'arisha, akakaa na koleo lake akitazama rangi, na hakukosea hata nukta. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Neno lilikuwa moja tu, "ni mimi," na lilikaa mdomoni mwangu tangu chuma kinawekwa motoni mpaka kinazikwa majivuni. Halikutoka. Yule mama akapokea jembe kwa mikono miwili, akapiga goti. "Ndaga, tata," alisema, asante, akaenda zake na mvua.

Tulipobaki wawili nikadhani sasa ataniumbua. Akasema tu, "Kasi, kijana," tukaendelea na kazi.

Yakarudi mengine matatu. Kila aliyekuja aliambiwa yaleyale, macho yamechoka, nisamehe, kaa nikufulie. Na kila mara mimi ndiye niliyevuta upepo. Habari ikatembea kuliko majembe. Sokoni wakaanza kusema mzee wa Kawetele amekwisha, haoni. Mwenye duka akaanza kuleta majembe ya kiwandani, ya tundu, yana karatasi ya rangi iliyobandikwa kwa gundi, akaniambia bora haya, hayazeeki. Wanawake wakayanunua. Majembe yale yangekuja tu, ndiyo enzi zenyewe, najua. Lakini ya mzee yangeondoka sokoni kwa heshima yake.

Mavuno ya viazi yalipoisha aliniita. Vyombo vyake vyote alikuwa amevipanga juu ya mfuko wa mbolea: nyundo tatu, makoleo ya kila aina, fuawe lenyewe la chuma kizito alilolipata ujanani, mivukuto imepakwa mafuta. Vitu ambavyo nilivitafuta miaka miwili kwa kubeba matofali na kuokota vyuma mitaroni, vyote viko pale kwa mara moja.

"Ile tindo unayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikampa. Akaiweka motoni pamoja na ya kwake. Zilipoiva akazitoa moja moja, akazilaza juu ya fuawe, akazipiga bapa, mpaka makali ya kukatia unyayo yakawa kama ulimi wa kijiko. Hakuwa na haraka. Akazitupa pembeni zipoe.

"Sasa chukua vyombo vyote," akaniambia. "Luksa."

Safari hii nilisikiliza sauti. Haikuwa na kejeli wala hasira. Nilivibeba safari mbili, na hakuna siku mzigo umeniaibisha kama ule. Watu njiani walinipongeza, wakisema mzee ameona mrithi.

Aliishi miaka mingine sita, hakugusa nyundo. Mara moja moja nilimpelekea majani ya chai na sukari. Alikuwa anakaa nje anachagua mchele wa mkewe, akitoa mawe madogo ambayo mimi nikiinama siyaoni. Tuliongea habari za mvua. Nilikwenda mara nyingi nikiwa nimejiandaa kusema, nikarudi na kikapu kitupu na neno langu.

Alipofariki nilikaa na wanaume msibani, juu ya majani ya migomba. Wakamsifu. Mmoja wa wale mafundi wawili waliocheka siku ile akasema, "Alikuwa fundi hasa, ila mwisho macho yalimwangusha." Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa na sahani ya ndizi mapajani. Nilitazama chini, nikaendelea kula.

Mpaka leo nafua, na vitu vyangu havina alama. Mteja akiuliza namwambia alama ni gharama, nampa jibu la haraka apite. Rangi ya asali naingoja hata kama ukungu umeingia ndani, na bado kuna siku inanipita. Nimezeeka, miwani ninayo.

Yeye hakuwahi kuvaa. Macho ya mzee yule yalikuwa mazima.