Siri Iliyopanda Mimbarani

Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, akamzika mume aliyekuwa mwalimu mkuu, akabaki na mwana mmoja tu, mchungaji. Alijua kwamba watu humpima mwana kwa kumtazama mama. Kwa hiyo hata akienda dukani kununua kiberiti, alivaa viatu vya kufunga.

Mwanawe hakuwa mtu wa viatu. Alikuwa mtu wa kubisha hodi. Mgonjwa akilazwa, yeye keshafika kabla shuka halijatandikwa. Waliogombana aliwakalisha sebuleni kwa mama yake, akawasikiliza mpaka chai ikapoa. Watu walimweleza mambo ambayo hata mito yao haikuyajua. Kasoro yake ilikuwa moja: katika mahubiri alipenda mno mifano hai.

Jumapili moja, akihubiri juu ya ukweli katika ndoa, alisema, "Namfahamu fundi mmoja wa nguo. Kila jioni hula kwanza kwa dada yake, kwa sababu chumvi ya mkewe haimezeki. Akifika nyumbani anasema hana njaa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina hakulitaja. Lakini kanisa lile lilikuwa na fundi wa nguo mmoja tu, na mkewe alikuwa ameketi safu ya tatu.

Tangu siku hiyo mke hakuwasha jiko. "Nenda kale kwa dada yako," alimwambia mumewe. Fundi naye hakukanyaga tena kanisani. Na sebule ya mama ikawa kimya. Wiki tatu zilipita bila mtu kubisha. Nani atampa siri mtu mwenye kipaza sauti?

Mchungaji alimfuata Fundi kazini, akamwomba radhi. Fundi hakuondoa macho kwenye cherehani.

"Mchungaji, ulinitangaza kwa spika mbili kubwa. Leo unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

"Nikilisema tena kanisani, nitakuwa nimekuvua nguo mara ya pili."

"Basi vua zako."

Jumamosi, mama akimpigia mwanawe shati pasi, alielezwa atakachosikia kesho. Pasi ilisimama hewani.

"Nitawaambia kwamba nilianguka Kigiriki chuoni, nikarudia mwaka."

"Hilo halijulikani."

"Ndiyo maana nalitoa."

Mtaa mzima uliamini kwamba mwaka ule wa ziada wakuu wa chuo walimsihi abaki awafundishe wenzake. Mama alishusha pasi polepole.

"Baba yako hakuwahi kuomba radhi mbele ya darasa."

"Najua, mama. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyewahi kumwambia kitu."

"Mwanangu, jina likichafuka halina dobi."

"La Fundi nimelichafua mimi, mama. Dobi wake nani kama si mimi?"

Mama alimaliza kola, akalitundika shati kwa uangalifu kuliko siku zote.

Jumapili Fundi alikuja, akasimama mlangoni kama mtu asiyetaka kukaa. Mkewe alikuwa mbele, shingo wima. Mchungaji hakufungua kitabu.

"Nilipewa siri nikaifanya kiungo cha mahubiri," alisema. "Aliyekabidhiwa kondoo hawatembezi mnadani. Nimekosa. Leo natoa ya kwangu." Akawasimulia mtihani wa Kigiriki: aliulizwa habari za mpanzi na mbegu, akatafsiri ukurasa mzima juu ya samaki. Watu walianza kucheka.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, aliinua mkono. "Samahani, mchungaji. Mbona sisi tuliambiwa ulibaki kufundisha? Nani alituambia?"

Mchungaji akajibu, "Ni mimi, mzee wangu."

Mama alihisi benchi limekuwa jiko. Miaka thelathini na mmoja aliwakataza watoto wa watu kubebeana makosa, na sasa wake mwenyewe anasema uongo mimbarani ili kumsitiri yeye. Jina la familia lingebaki safi kama angenyamaza tu. Alisimama, akanyoosha gauni.

"Keti, mzee mwenzangu. Niliyesema ni mimi. Tena nilisema vizuri, ndiyo maana mliamini."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati, na kilichosikika zaidi kilitoka mlangoni. Mke wa Fundi aligeuka kumtazama mumewe kwa ukali. Ukali ukamshinda, naye akacheka. Walitoka kwa mlango mmoja.

Jumanne, hodi ilipigwa sebuleni. Alikuwa mke wa Fundi, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Shikamoo, mama. Mchungaji yupo? Nina neno, ila lisifike Jumapili."

"Marahaba, mwanangu. Halitafika. Pita, yupo."

Mama alichukua miwani na gazeti lake, akaufunga mlango nyuma yake, akaketi kizingitini. Jirani aliyekuwa akipita alipunguza mwendo na kuuliza nani yuko ndani.

"Mgeni," alisema, akafunua ukurasa wa pili.