Jina la Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sijawahi kulitaja mbele ya watu, na hapa pia sitalitaja. Huku Rwanda mke wa mtoto halitamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nikaja Rwanda nikiwa msichana mkubwa, kwa hiyo desturi hiyo nilifundishwa ukubwani. Bahati mbaya jina lenyewe limebeba neno ambalo jikoni huwezi kuliepuka. Mwaka wote wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikinyoosha kidole na kusema "ile ya kutia chunguni", mume wangu akicheka mpaka anakohoa. Mama mkwe hakucheka. Aliniambia mwanamke anayelitaja jina lile anajitafutia balaa, yeye na uzazi wake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Wakwe zangu walikuwa wakulima wa viazi Mudende, chini ya mlima Karisimbi. Mapigano ya jeshi na waasi yalipozidi huko juu walikimbilia kwetu mjini Gisenyi, kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, wakiwa na ng'ombe wao mmoja aliyebaki. Tulimfunga nyuma ya jiko. Nilimlisha maganda ya ndizi nikimwita kwa jina lake, akaizoea sauti yangu kuliko ya mtu yeyote. Mambo yalipotulia kidogo wakarudi kwao naye, na wiki haikupita ng'ombe akakata kamba. Majirani walimwona akiingia msituni.

Msitu ule ni hifadhi. Unaanza pale shamba la mwisho la viazi linapokoma, unapanda mpaka kwenye kilele ambacho asubuhi nyingine huamka cheupe. Zamani baba mkwe alikuwa akiwabebea mizigo wageni waliokuja kukipanda, na aliniambia wengi walishuka wakichechemea, wengine wakilia kabisa. Lakini miaka ile wageni walikuwa hawaji. Aliyeingia msituni alikuwa na bunduki, au alikuwa anamtafuta mwenye bunduki.

Mume wangu alikuwa Goma na bidhaa zake, kwa hiyo mzee alinifuata mimi.

"Mi naenda na we," alisema. "Ngombe inajua sauti yako. Yangu inakimbia."

Alizungumza nami Kiswahili, kile cha wabeba mizigo, kwa sababu Kinyarwanda changu kilimchosha. Nilitaka kukataa. Niseme ukweli, nilitaka kusema naumwa tumbo. Lakini mkaza mwana ataanzaje kumkatalia mzee? Tulilala Mudende, na alfajiri mama mkwe akatusindikiza hadi kwenye uzio. Alinishika mkono akaubana.

"Ngombe ikipatikana, bon, ni sawa," aliniambia. "Kama haipatikane, tutakunywa maji. Lakini ule muzee unirudishie. Mimi nimezika ya kutosha."

Pembeni mwa msitu palikuwa na kambi ndogo ya wanajeshi. Walitutazama, wakatuuliza, wakaturuhusu, na mmoja akatuonya tutoke kabla jua halijazama, kwa sababu likishazama wao hawaulizi mtu jina.

Tulipoingia kwenye mianzi, giza likatuangukia kana kwamba mtu amefunga mlango. Mzee alisimama, akaniambia sheria yake.

"Huku musituni, mutu akikuita 'dada', akikuita 'mama', usiitike. Unasikia? Uitike jina yako tu. Hawa watu ya huku hawajue jina zetu."

Nilijua alikotoa sheria hiyo. Kijana wake wa kwanza, kaka ya mume wangu, aliitwa jioni moja na sauti ya upole nje ya nyumba: "Baba, ee baba, tusaidie maji." Kijana akamwambia mzee akae, akatoka yeye. Hakurudi. Tangu siku hiyo mzee hakumfungulia mtu aliyemwita baba.

Niliitikia kwa kichwa. Sikufikiria zaidi ya hapo, na nadhani yeye pia hakufikiria.

Tulipanda. Njia ilikuwa matope matupu, na viatu vyangu vya plastiki vilikuwa vikibaki nyuma kila baada ya hatua kadhaa. Kulikuwa na majani yanayowasha, marefu kunizidi, yakapenya kitenge kana kwamba sikuvaa kitu. Mzee alikwenda mbele, panga kiunoni, akipapasa ardhi kwa fimbo. Nilifikiri anatafuta nyayo za ng'ombe, kumbe alikuwa anatafuta mabomu ya kutegwa. Aliponiambia hivyo nikaanza kukanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Tulikuta kinyesi kibichi, yeye akakigeuza kwa ncha ya fimbo.

"Si ngombe. Iko mbogo," alisema, na akaendelea kupanda.

Mianzi ilipoisha tukaingia kwenye miti mizee iliyoota ndevu za kijani, imepindapinda, na hapo mteremko ukawa mkali kiasi kwamba tulishika mizizi kwa mikono. Kifua kiliniuma. Hewa ilikuwa nyepesi, naivuta na haitoshi. Nilimwita ng'ombe kwa jina lake, mara chache, kwa sauti ya chini, kama mzee alivyonielekeza. Hakuna kilichojibu. Kisha mvua ya mawe ikatupiga, tukajibanza chini ya mti, na ilipokatika ukungu ukateremka kutoka kileleni ukafunika kila kitu.

Mzee alisikia kitu bondeni, majani yakivunjika. Aliniambia nisibanduke pale. Akashuka, na mgongo wake ukapotea kwenye ule weupe.

Nilisubiri. Nilisikia jiwe likiporomoka, halafu kimya. Nikasubiri tena, na mwisho nikaona mwanga unaanza kubadilika, nikakumbuka wale wanajeshi na jua lao.

"Baba!" niliita.

Kimya.

"Baba! Baba, uko wapi?"

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Koo lilikuwa limekauka, ikatoka nzito, ya mkwaruzo, ya kiume. Niliita "Mzee". Niliita "Baba mkwe". Ukungu ulimeza yote. Ndipo nikasikia, si mbali, mtu anapumua. Si mnyama, mtu. Alikuwa anapumua kidogo kidogo, kama anayejiziba mdomo kwa kiganja.

Nilichuchumaa nyuma ya mti nikiwa na roho mkononi. Nilijiambia, huyu ni mmoja wao, amekwisha kumuua mzee, sasa ananisubiri mimi. Akilini nilimwona mama mkwe kwenye uzio, mkono wake umeubana wangu. Nikafikiria kukimbia. Lakini kukimbia wapi, na nirudi nimwambie nini yule mama?

Halafu sheria ya mzee ikanijia. Uitike jina yako tu. Mzee alikuwa ametoa sheria ambayo kila mtu pale nyumbani angeweza kuitumia, isipokuwa mimi.

Nililia. Sikuogopa bunduki peke yake, niliogopa lile jina. Nilikuwa na mwaka na zaidi kwenye ndoa bila mtoto, na maneno ya mama mkwe kuhusu balaa nilikuwa nayalalia na kuyaamkia. Na kama anayepumua pale si yeye, nitakuwa nimelitupa jina la mzee mikononi mwa adui zake. Nikapiga moyo konde. Nilisimama, nikafumba macho, nikalitamka. Mara ya kwanza halikusikika hata kwangu. Mara ya pili nililipiga kelele, lote, jina la kuzaliwa, nikahisi msitu wote sasa unalijua.

"Karame!"

Karame si jina, ni itikio la Kinyarwanda la mtu anayeitwa na mkubwa wake. Mtoto humwitikia baba yake hivyo. Mzee aliniitikia mimi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Alikuwa karibu kiasi cha kunitia haya, chini ya jiwe, mguu umeteguka. Panga alikuwa amelishika mbele ya kifua. Alikuwa amelia.

"Nilisikia 'baba, baba', na Swahili," alisema. "Huku Swahili iko ya watu ya bunduki. Nikasema, leo wamekuja kunikamata vile walikamata mutoto. Nilikuwa nakungoja ufike karibu nikukate."

Nililitazama lile panga.

Tulishuka akiwa ameniegemea begani. Mkwe na mkaza mwana hawagusani hivyo, lakini siku hiyo tulikuwa tumekwisha kuvunja makubwa. Kwenye mianzi jua lilikuwa linatuacha, nikavua kitenge changu cha njano nikakifunga kwenye fimbo, nikakiinua juu mpaka tulipofika kambini. Walitupigia kelele, wakatumulika, wakatuacha tupite. Ng'ombe hakuonekana, siku ile wala baadaye.

Mama mkwe alimkanda mzee mguu kwa maji ya moto. Aliniuliza nilimpataje kwenye ukungu ule. Niliinama kuchochea moto.

"Aliita ngombe," mzee alijibu, bila kunitazama. "Mi nikasikia sauti yake."

Ulikuwa uongo mzuri sana. Nilikasirika kwamba kule juu halikunijia wazo hilo hata kidogo, la kuita ng'ombe tu. Woga ulikuwa umenila akili yote.

Miezi ikapita. Siku moja nilipanda Mudende kuwapelekea sabuni na sukari, gari likachelewa, nikafika jua linazama. Mama mkwe alikuwa msibani kwa jirani. Mlango ulikuwa umekwisha kufungwa kwa komeo.

"Hodi, baba. Ni mimi."

Kimya.

"Baba, ni mimi, mke wa mwanao."

Nilimsikia ndani. Alikuwa anapumua kidogo kidogo, kama siku ile. Niligeuka nikatazama uani, hapakuwa na mtu. Nikaweka kikapu chini, nikasogeza mdomo kwenye ufa wa mbao, nikalitamka kwa sauti ya chini, yeye tu alisikie.

"Karame," alisema, na nikasikia komeo linavutwa.